Mshahara wa Marehemu

Mitole, mwezi ishirini Mfungo Nne, 1323

Dada yangu Mwahija,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Na macho je, bado yanakuuma kwa kushona kofia za watu? Mimi huku ni mzima, nakula nashiba, ila mbu wa Mitole hawana adabu hata kidogo.

Dada, kaa chini kwanza. Nimepata kazi ya serikali. Si uchukuzi wala utarishi. Mimi sasa ni mnyapara wa shamba la pamba la boma. Akida mwenyewe ndiye aliyenichagua, kwa kuwa najua kusoma na kuandika, na kwa kuwa, alisema, nina uso wa mtu wa mjini. Nimepewa fimbo, nimepewa kiti, na mshahara wangu ni rupia kumi na tano kila mwezi. Kumi na tano, dada! Baba, Mungu amrehemu, alisomesha watoto wa Kivinje maisha yake yote na sidhani kama aliwahi kuzishika kwa pamoja.

Kazi yenyewe haichoshi. Watu wa hapa huja kwa zamu, nyumba kwa nyumba, wanalima na kupalilia. Mimi nasimama. Jua likizidi, nakaa kwenye kiti changu kivulini. Jioni namwandikia Akida nani amekuja na nani hakuja, basi.

Nina nia, lakini usimwambie mtu. Kuna binti hapa anaitwa Mboni. Sijui ni wa nyumba gani, ila nimemwona akipita na jembe begani, na hakunitazama. Nikiweka mshahara wa miezi michache nitapeleka mahari ya maana, na wewe utakuja kuposa umevaa kanga mpya ya kunukia duka.

Kofia uliyonishonea naivaa kila siku. Huku wananiita Bwana.

Mdogo wako akupendaye,
Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi tatu Mfungo Tano

Mdogo wangu Hasani, Bwana wa Kiti,

Marahaba. Kifua kimepoa, macho yanauma, na sasa mbavu nazo zinauma kwa kukucheka. Barua yako niliisomea palepale dukani kwa Pyarali, maana wachukuzi wake wa utomvu wa mpira ndio walioileta. Pyarali akaniona nimejishika tumbo, akauliza, bibi, kuna msiba? Nikamwambia hapana, mdogo wangu amepewa kiti.

Nimefurahi, usidhani nina kijicho. Mimi ndiye niliyekulea tangu mama alipotutoka, riziki yako ikifunguka moyo wangu unatulia. Lakini umenieleza yote, fimbo, kiti, kivuli na binti asiyekutazama, ukaruka jambo moja. Hao wanaopalilia wanapata nini? Wewe unayesimama unapata rupia kumi na tano. Anayeinama je? Nijibu hilo.

La pili. Unajua hapo ulipo ni kwa nani? Baba alitoka huko huko kabla hajashuka pwani kusoma. Wewe umezaliwa mjini ukajidanganya kwamba tumeota Kivinje pamoja na minazi. Ukoo wa kina Likwati, ambao wamejaa hapo Mitole, ni watani zetu. Babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu siku hiyo hakuna kumwagiana damu, ni kutukanana tu. Mtani akikuchukulia kitu chako hujaibiwa, unakikomboa kwa kuku mnacheka. Ukifa ndiye anayekuchimbia kaburi, tena atavaa nguo zako na kuuigiza mwendo wako mpaka wafiwa wacheke.

Basi mtafute mkubwa wao, mzee Likwati, umtukane vizuri, umpe heshima yake. Ukimwamkia kwa adabu za kikarani atajua umemkana.

Na mbu uwavumilie. Wao walikuwapo kabla ya boma.

Dada yako,
Mwahija


Mitole, mwezi kumi na nne Mfungo Tano

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, lakini roho yangu imechafuka na sijui niianzie wapi habari hii.

Uliniuliza wanapata nini. Sasa najua. Jana Akida alikuja na malipo ya pamba ya msimu uliopita. Fungu la boma lilikuwa limekwisha kukatwa, na fungu la Akida limekwisha kukatwa, kilichobaki ndicho cha watu. Kila nyumba ikapata zile sarafu mpya wanazoziita hela, za kujaa kiganja. Ukizikusanya hazifiki nusu rupia. Kwa msimu mzima, dada! Na kodi ya serikali ni rupia tatu. Bibi mmoja alibaki amekinga mkono, akamwuliza Akida nyingine zinakuja lini. Watu wakatazama chini.

Nikamnong'oneza karani wa boma aliyefuatana na Akida, nikamwuliza mbona hivi. Akanicheka. Akasema, "Wewe unalipwa mshahara. Hawa wanapewa bakshishi. Mshahara una kipimo, bakshishi haina." Kisha akanihesabia zangu mezani, moja moja, mbele ya watu wote. Rupia zina mlio, dada. Sikupata kujua kwamba zina mlio mkubwa hivyo.

Hapo ndipo alipotokea huyo Likwati wako. Kweli, sikuwa nimemtukana. Niliona haya. Tangu nije nilikuwa namwambia "hujambo" kama wengine, naye ananitazama tu. Basi akaja mezani, akanivua kofia akaivaa, akauiga mwendo wangu, kifua mbele na fimbo kwapani. Kumbe ndivyo ninavyotembea? Akakaa kwenye kiti changu. Kisha akainuka na mfuko wa rupia zangu mkononi, akapaza sauti: "Jamani, Hasani ametutoka! Alikuwa anasimama mno, kusimama kumemwua. Mali yake ni hii. Warithi njooni!"

Watu walicheka, dada, walicheka mpaka wakatokwa na machozi, na yule bibi akawa wa kwanza kukinga mkono. Naye akaanza kugawa.

Nami mbele ya Akida, na mbele ya Mboni, nikapiga kelele: "Mwizi!"

Likwati akanigeukia, na kicheko chote kikamtoka usoni. Askari wakamkamata, rupia zikakusanywa mikononi mwa watu zikarudishwa kwangu. Amefungiwa kwenye banda la pamba. Alhamisi atapigwa viboko hamsa ishirini, na Akida ameamuru kiboko nikishike mimi, kwa kuwa mali ni yangu. Nikikataa, basi unyapara umekwisha.

Fedha zote ninazo hapa. Hazikupungua hata moja. Niandikie upesi uniambie kwamba haki ni yangu.

Mdogo wako,
Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi kumi na sita Mfungo Tano

Hasani,

Sina salamu leo. Salamu utazipata ukizistahili.

Mwizi? Umemwita mtani mwizi? Mbele ya askari? Ebo! Nilikuandikia kwa wino, kwa herufi ulizofundishwa na baba, ukasoma, ukaona haya! Haya ya nini? Ya kujulikana kwamba baba yako alitoka bara na jembe?

Nikukumbushe, maana ulikuwa mdogo. Baba alipofariki, masika yalikuwa yamefunga njia zote. Aliyekuja kutoka Mitole, na matope mpaka magotini, ni Likwati huyo huyo. Yeye ndiye aliyelichimba kaburi lile unalolizuru kila Idi. Kisha akavaa kilemba cha baba, akachukua bakora ya baba, akaanza kuwasomesha wafiwa alifu na bee na kuwachapa wanaokosea, mpaka mimi niliyekuwa nimejifungia ndani nisile wala kunywa nikatoka nikicheka. Siku ile nilikula. Kama si yeye, nisingekuwapo kukushonea kofia.

Huyo ndiye unayetaka kumpiga.

Na swali lake umelijibu? Maana lile lilikuwa swali, mwanakwetu, pamoja na mzaha wake. Alikuuliza mbele ya watu: anayeinama hela, anayesimama rupia, hii ni haki ya nani? Wewe umemjibu kwa kumfunga bandani.

Haki si yako. Umesikia? Kesho kutwa ni Alhamisi. Mchukuzi wa barua hii amebeba na kuku. Kuku huyo ni wa kumkombolea mtani kwa neno ulilomwambia. Ni yule mweusi wangu anayetaga, nimelia kumtoa, basi ujue nimekasirika kiasi gani. Akida akikufukuza, njoo nyumbani. Sindano zipo mbili.

Ukishika kiboko kile, usije.

Mwahija


Mitole, mwezi kumi Mfungo Nane

Dada yangu mpenzi Mwahija,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. Najua umeninunia kwa kukaa kimya miezi hii. Wachukuzi wa Pyarali walikuwa wamebadili njia, na kila nikianza kuandika nakumbuka kuku nashindwa.

Alifika, dada. Alifika Alhamisi asubuhi anapiga kelele, watu wamekwisha kukusanyika na Likwati ameletwa uwanjani. Nilisoma barua yako nimesimama. Kisha nikaenda mbele ya Akida na kuku kwapani, kiboko nimekiacha chini, nikasema: "Huyu hakuiba. Ni mtani wangu, nilisahau." Akida akadhani jua limenipata. Nikamwambia mwenye mali ni mimi, na mimi nasema sikuibiwa, kesi iko wapi? Nikauchukua mfuko ule ule nikamkabidhi Likwati mbele ya watu, na kuku juu yake.

Basi dada, Likwati alisimama anangoja atukanwe. Nikamwambia kwamba ana masikio ya popo na miguu ya kuazima. Ndilo tusi la kwanza nililotoa maishani mwangu. Akasema, "Afadhali! Nilidhani mwalimu alizaa bubu." Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Nami nikalia, dada, nakwambia kweli, nililia mbele ya askari, na nilijisikia mwepesi.

Akida alikasirika, lakini mwingine ajuaye kuandika hana. Akaninyang'anya kiti tu. Sasa sina pa kukaa, na kusimama siku nzima wenzako wameinama kunachosha kuliko kuinama. Basi nashika jembe na mimi. Viganja vimeota sugu, utavicheka.

Na kila mshahara ukifika, wananizika. Ndiyo desturi yetu sasa. Nalazwa mkekani, nafunikwa kaniki, kina mama wananililia kwa sauti za uongo, na Likwati anasimama kutaja aibu zangu zote, nyingine hata sizijui. Kisha anagawa urithi kwa nyumba zote zilizopalilia. Mwisho hunitupia "fungu la maiti", na fungu hilo ni sawa na la kila mtu. Mpaka sasa nimezikwa mara tatu. Ukipita hapa ukauliza mnyapara yuko wapi, hata watoto watakujibu, "Tumemzika." Nyumba nyingi zimepata kulipa kodi mwaka huu bila kufungwa mtu.

Akida anaona na ananyamaza. Fungu lake haliguswi.

Jambo la kunitia wazimu ni hili: Mboni ni binti wa Likwati! Nitamposaje, na mahari anaila mwenyewe kila mwezi? Nilimweleza Mboni haya kwenye matuta ya pamba. Alicheka mpaka akaliangusha jembe. Angalau sasa ananitazama.

Habari nyingine si nzuri. Watu wanaondoka kwa makundi kwenda Ngarambe kwa mganga, wanarudi na maji ya dawa kwenye vibuyu, na wakirudi hawasemi. Nikiuliza, wanaitazama pamba.

Mdogo wako, marehemu,
Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi ishirini na saba Mfungo Nane

Mdogo wangu Hasani,

Marahaba, na nyingine mbili ulizodai. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea. Nimecheka, nimelia, nimemsamehe hata kuku.

Sasa sikiliza. Rudi. Hapa mjini maneno ni mengi. Wanasema Wamatumbi wameng'oa pamba ya serikali huko juu, na penye pamba pana akida na mnyapara, nao ndio wanaotafutwa kwanza. Pyarali amepeleka mke na watoto Unguja, na sanduku lake la fedha halionekani tena dukani. Bwana wa boma anajenga ukuta wa magunia.

Wewe kwa watu wa Mitole ni mtani. Kwa mtu anayetoka mbali na mshale wake, wewe ni mnyapara tu. Hatakuuliza mshahara wako uliula na nani.

Wacha fimbo, wacha kila kitu, uje.

Dada yako,
Mwahija


Kilwa Kivinje, mwezi kumi na sita Mfungo Tisa

Hasani,

Sijui barua hii namwandikia nani.

Ile ya kukuita nyumbani hukuijibu. Samanga imechomwa. Manowari ya Wadachi imetia nanga, mji umejaa watu waliokimbia, hata barazani kwangu wamelala familia mbili. Kila anayeingia namwuliza, umetoka wapi, umemwona kijana mwenye kofia ya viua vyekundu? Hakuna aliyekuona.

Juzi aliingia Akida wako. Hana viatu, hana kilemba, uso umevimba. Nilimfuata mpaka mlango wa boma, mimi mwanamke, sikujali. Nikamwuliza, mnyapara wako yuko wapi? Akanitazama kwa huruma, dada wa watu. Akasema alikuwa amejificha kwenye kichaka nyuma ya banda la pamba siku wapiganaji walipoingia Mitole, na alisikia kwa masikio yake mwenyewe wakiuliza mnyapara yuko wapi, na Likwati akajibu: "Hasani? Tumemzika." Akasema, pole mama, na hao ndio aliokuwa akiwapa fedha zake.

Nikarudi nyumbani nikatandika mkeka. Majirani wakaja, wakasoma, wakalia nami. Nimekaa matanga yako, Hasani. Nilifunga kitambaa kichwani nikasema basi, nimebaki peke yangu ukoo mzima.

Leo wakati wa adhuhuri, jirani mmoja akasema kwa kunifariji, "Angalau wamemzika, hawakumtupa." Neno lile likanikaa sikioni. Wamemzika. Nikainuka mkekani, nikaenda kwenye kisanduku, nikatoa barua yako iliyolegea. "Hata watoto watakujibu, Tumemzika."

Ee Mola wangu! Nilicheka peke yangu chumbani mpaka majirani wakaja mbio, wakadhani akili imeniruka. Kisha nikaogopa. Maana inaweza kuwa hivi na inaweza kuwa vile.

Kuna mama kutoka upande wenu ameingia mjini kwa siri kutafuta chumvi, wanaomfahamu wanasema ni dada yake Likwati, na hataki kuniambia lolote kwa kuwa hanijui. Nimempa chumvi yangu yote na barua hii. Kama lilikuwa kaburi la rupia, nijibu, hata kwa mstari mmoja. Kama lilikuwa la sanda, basi Mungu akulaze pema, na nitangoja tu.

Dada yako,
Mwahija


Mwituni, karibu na Mitole, mwezi ishirini na nne Mfungo Tisa

Dada Mwahija,

Shikamoo. La rupia! La rupia, dada yangu! Ni mimi, mzima, nina upele na njaa kidogo, lakini mzima.

Wino huu ni wa masizi, vumilia mwandiko. Ile barua yako ya kuniita sikuipata. Siku walipokuja walikuwa wengi, wageni wa mbali, vichwani wamefunga mabua ya mtama na vibuyu shingoni. Wakang'oa pamba yote. Mimi nilikuwa katikati ya matuta na jembe mkononi, nimevaa kaniki, kofia anayo Likwati kama kawaida yake. Mkubwa wao akauliza, mnyapara yuko wapi? Nilikutaja wewe moyoni.

Likwati akajibu lile alilosikia Akida. Lakini Akida alikimbia kabla ya mengine. Yule mkubwa hakuridhika, akamgeukia yule bibi aliyewahi kukinga mkono. Akamwuliza, mmemzika wapi? Bibi akaninyoshea kidole mimi. "Pale amesimama. Tunamzika kila mwezi, mali yake tumeila sisi, maiti ni yetu. Mnataka kumwua maiti?" Wakatazamana. Likwati akaeleza utani wetu tangu babu, akasema atakayeimwaga damu yangu atakuwa amemwaga ya ukoo wa kina Likwati, na maji ya dawa hayatamfaa kitu. Mkubwa wao akanijia, akanishika mkono, akakigeuza kiganja. Akapapasa sugu. Akauliza, "Ulikuwa unalipwa ngapi?" Nikamwambia, kama hawa. Akaniachia.

Nilikaa chini kwenye udongo, na Mboni akaniletea maji ya kunywa, maji ya kawaida tu, nikayanywa yote.

Sasa hatari inatoka upande mwingine. Askari wa boma wanachoma vijiji na maghala, hawaulizi nani alipigana na nani hakupigana. Mitole moshi tupu, tunalala mwituni na chakula kinakwisha. Likwati hakupigana, amekaa na sisi. Nakuja naye, na mkewe, na Mboni, na wengine wachache. Nasikia askari wamefunga njia ya kuingia mjini. Tuombee.

Mdogo wako, ambaye bado yuko,
Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi mbili Rajabu

Hasani wangu,

Marahaba! Marahaba mara elfu! Alhamdulillahi! Nimekunja mkeka wa matanga, nimefungua kitambaa kichwani, na majirani waliokulilia wamesema watakudai machozi yao ukifika.

Lakini nina hofu. Askari wa njiani wameamriwa hivi: mtu wa bara haingii mjini, ila awe wa mshahara wa serikali pamoja na mkewe na wanawe. Wengine wote ni waasi, wanarudishwa au wanafungwa kamba. Karani wa boma anakaa pale pale na meza yake, yule yule wa bakshishi. Wewe utapita. Likwati atapitaje? Na ukimwacha, nakujua sasa, hutapita na wewe. Namtafuta mtu wa kukuletea barua hii kabla hamjatoka mwituni, na kila ninayemwuliza anakataa.

Nimeiacha hapo barua, na sasa ni siku ya pili, naimalizia ingawa haina tena wa kupelekewa. Nataka tu iwepo kisandukuni pamoja na wenzake.

Jana jioni nilikuwa nimekaa na sindano, nikasikia mtu mlangoni anaita kwa sauti ya kukwaruza, "Mfiwa yuko wapi? Tumekuja kula chakula cha matanga, na kama ni kibaya tunaondoka na maiti yetu!" Sikufika mlangoni, Hasani, nilianguka ukumbini. Nilipoinuliwa niliiona kofia yangu ya viua vyekundu kichwani kwa Likwati, na wewe nyuma yake, mwembamba, ndevu zimeota ovyo. Na nyuma yako watu ambao sikuwapikia, maana hao wachache wako walijaza uani.

Ulikuwa unalia, hukuweza kueleza. Likwati ndiye aliyenieleza, tena kwa kukuigiza sauti. Karani alikuuliza, hawa nani? Ukamwambia, watu wa mshahara. Akacheka, akasema, hawa si wa bakshishi? Ukamwambia, muulize Akida. Basi Akida wa watu akaletwa, akakuona, akadhani ni mzuka, akataka kukimbia mara ya pili. Wakamwuliza, hawa wamekula mshahara wa serikali, ndiyo au siyo? Akasema, mtu mwenye hofu husema kweli, "Ndiyo, kila mwezi, mbele ya macho yangu." Karani akawapisha wote. Yule bibi alipopita mezani akamkingia mkono, akamwuliza nyingine zinakuja lini.

Sasa hivi umelala ukumbini unakoroma, na mji mzima wa Mitole unakoroma nawe. Huko nje mambo bado ni mabaya, najua, na kesho sijui tutakula nini. Lakini leo hesabu ya walio hai imezidi niliyoitegemea, nami nimeshiba kwa hilo.

Asubuhi nimemposa Mboni. Sikuwa na kanga mpya. Nilimwuliza baba yake anataka mahari gani. Akasema mahari alishaila, ila kuku wangu mweusi anataga vizuri, amekuja naye kwenye tenga, naye hamrudishi ng'o. Nikamtukana mpaka nikakaukiwa. Mboni amenisaidia kuchagua maneno.

Dada yako, uliyemliza ukamchekesha,
Mwahija